Ubaridi si Ushahidi

Kuna desturi katika kazi ya viyoyozi ambayo imezoeleka mpaka hakuna anayeiona kuwa kosa. Fundi anamaliza kufunga mashine, anafungua valvu mbili za kipande cha nje, anashika rimoti, anabonyeza. Mwenye nyumba anasimama chini ya mashine, anainua kiganja, anapigwa na upepo wa baridi, anaridhika. Fedha zinahesabiwa au zinatumwa kwa simu. Fundi anakusanya spana zake na kwenda kazi nyingine. Kwa wote wawili kazi imekwisha, na ushahidi kwamba imekwisha vizuri ni ule upepo.

Jarida hili linasema wazi kwamba upepo huo hauthibitishi chochote. Mashine iliyofungwa vibaya hupoza siku ya kwanza sawasawa na iliyofungwa vizuri. Yenye hewa ndani ya mabomba hupoza. Yenye unyevu hupoza. Isiyo na waya wa ethi hupoza vizuri kabisa, mpaka siku mtoto wa nyumba hiyo atakapoligusa bati lake akiwa ametoka kuoga. Kuwasha mtambo mpya ni kazi yenye wajibu wake, na wajibu huo ni kupima, kuandika kilichopimwa, na kutia saini. Asiyepima hajamaliza kazi, na hastahili kulipwa kama aliyemaliza.

Tuanze na jambo linalopuuzwa kuliko yote, nalo ni kutoa hewa. Kiyoyozi cha vipande viwili, hiki kinachofungwa majumbani na maofisini kuanzia Tanga hadi Mtwara, hutoka kiwandani gesi yake ikiwa imefungiwa ndani ya kipande cha nje. Mabomba ya shaba yanayounganisha nje na ndani huwa yamejaa hewa ya kawaida, na hewa ya pwani yetu imebeba maji mengi. Kanuni ni kwamba hewa hiyo itolewe yote kwa pampu ya vakyumu kabla gesi haijafunguliwa. Kipimo kinachokubalika na wengi katika fani ni kushuka hadi maikroni 500 au chini yake, wakati hewa tunayovuta usawa wa bahari ina maikroni 760,000. Katika utupu wa namna hiyo maji hayahitaji moto ili yachemke. Chumba kikiwa na nyuzi 30 tu, maji yaliyonasa ndani ya bomba huchemka yenyewe na kutoka yakiwa mvuke. Ndiyo maana pampu huachwa ifanye kazi nusu saa au zaidi, kisha huzimwa, valvu ya geji hufungwa, na fundi hukaa akitazama kipimo. Kikipanda kidogo na kutulia, unyevu bado umo. Kikipanda bila kukoma, kuna mahali panavuja.

Sasa tazama kinachofanyika. Fundi yuko juu ya ngazi, nje ya dirisha la ghorofa ya pili. Nati ya bomba nene ameilegeza. Anaingiza ufunguo wa pembe sita kwenye valvu ya bomba jembamba, anauzungusha robo, na gesi inatoka ikifoka kwenye nati, ikiacha utando mweupe wa barafu kwenye shaba na ncha za vidole vyake. Anahesabu kimoyomoyo, anakaza nati, kisha anafungua valvu zote. Hiyo ndiyo anayoiita kutoa hewa, na haijachukua hata dakika moja.

Sehemu ya hewa imetoka, ni kweli. Unyevu umebaki umeng'ang'ania ukuta wa bomba. Mafuta yanayolainisha kompresa za mashine zinazotumia gesi za R410A na R32 hunyonya maji upesi, na maji hayo yakipata joto la kompresa huyaharibu mafuta na kuzaa asidi, na asidi hula varnishi ya nyaya za mota. Hewa iliyobaki nayo haigeuki kuwa kimiminika kama gesi inavyogeuka; hukaa kwenye koili ya nje, hupandisha presha, na kompresa hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile. Mwenye nyumba huona uniti za LUKU zinakwisha kabla ya wakati na hajui kwa nini. Baada ya misimu michache ya joto kompresa inaungua. Hapo lawama hugawiwa kwa kila mtu isipokuwa mhusika: umeme ulikatika ovyo, mashine ilikuwa feki, vitu vya siku hizi havidumu. Fundi yuleyule huitwa kubadilisha kompresa na hulipwa mara ya pili kwa madhara ya uvivu wake mwenyewe.

Na ile gesi iliyofoka dirishani haikupotea bure tu. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana Montreal kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na tarehe 15 Oktoba 2016 yakakutana kwa jirani zetu, Kigali, yakaongeza makubaliano ya kupunguza gesi ambazo haziharibu ozoni lakini hupasha dunia joto. Marekebisho hayo ya Kigali yalianza kutumika Januari 2019. R410A ni miongoni mwa gesi hizo. Kilo moja yake ina nguvu kubwa zaidi ya kupasha dunia joto kuliko kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Gramu 50 zilizopulizwa kwenye nati ni sawa na kumwaga angani zaidi ya kilo 100 za hewa hiyo. Mji wa eneo letu ndio ulioyapa marekebisho yale jina. Ni fedheha kwamba mafundi wetu bado wanatumia gesi yenyewe kama hewa ya kupulizia mabomba.

Kuna sababu nyingine ya kuikomesha desturi hii, na hii inagusa maisha ya fundi mwenyewe. Katika mashine za zamani za R22 gesi haikuwa ya kuwaka. Mashine nyingi zinazoingia madukani leo ni za R32, ambayo huwaka, ingawa si kwa wepesi, na ikiungua hutoa moshi wenye sumu kali unaochoma mapafu. Nyingine zinakuja na R290, na hiyo ni propani, ndugu ya gesi tunayopikia. Inatosha gramu 38 za propani ndani ya mita moja ya ujazo wa hewa ili mchanganyiko huo uweze kushika moto. Gramu 300, mzigo wa mashine ndogo tu, zikivuja zinaweza kufanya karibu mita 8 za ujazo ziwe tayari kuwaka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa zitatulia sakafuni, pale ambapo mtoto analala kwenye godoro na friji inawasha kompresa yake kwa cheche. Fundi anayefungua valvu ya mashine ya namna hiyo huku sigara iko mdomoni, au huku mwenzake anachomelea shaba chumba cha pili, hajasoma hata kibandiko cha mwali wa moto kilichobandikwa kwenye kipande cha nje. Kusoma kibandiko hicho ndiyo kazi yake ya kwanza siku hiyo, kabla ya kushika spana.

Kabla ya vakyumu kuna kipimo kingine ambacho nacho hurukwa: kupima kama mabomba yanavuja, kwa nitrojeni kavu. Mashine nyingi za R410A na R32 hupimwa hadi bar 41 hivi, zikipandishwa kwa hatua, bar 5 kwanza, kisha 15, kisha kiwango chenyewe, na kila hatua fundi anapaka povu la sabuni kwenye kila nati. Kwenye mitambo mikubwa presha huachwa siku nzima, saa 24, na mhandisi huandika joto la hewa alipoanza na alipomaliza, maana nitrojeni hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na asiyejua hilo ataona tundu pasipo na tundu au atakosa kuliona lililopo. Mtungi wa nitrojeni uliojaa una bar 150 au zaidi, kwa hiyo hauunganishwi bila regyuleta. Wapo wanaouunganisha hivyohivyo.

Wapo pia, na hili tunaliandika kwa uchungu, wanaotumia oksijeni. Fundi wa kuchomelea ana mtungi wake pale, nitrojeni haipo, kazi inasubiri. Basi anajaza oksijeni kwenye mabomba ili apime kama yanavuja. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na haihitaji kiberiti. Hata hewa ya kawaida ina hatari ya aina hiyo: kompresa ikiachwa inavuta hewa na kuigandamiza pamoja na mafuta yake, joto la mgandamizo linaweza kuyawasha kama dizeli inavyowaka ndani ya injini, na chuma kikapasuka usoni mwa aliyeinama juu yake. Mkufunzi asiyewaambia wanafunzi wake maneno haya siku ya kwanza ya darasa amewanyima kinga. Mkandarasi anayempeleka kijana kazini bila mtungi wa nitrojeni amejua anachofanya, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikutungwa kwa ajili ya viwanda vikubwa peke yake. Ngazi iliyoegemezwa dirishani ni mahali pa kazi.

Umeme tutausemea kwa ufupi kwa sababu kila mtu anadai anaujua. Kiyoyozi kinapaswa kuwa na njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, breka ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, waya wa unene unaostahili, na waya wa ethi uliofika ardhini kweli. Tumeona waya wa kijani na njano ukiwa umekatwa na kufichwa nyuma ya mashine kwa sababu ukutani hapakuwa na pa kuuunganisha. Kabla ya kuwasha, fundi wa umeme mwenye leseni anapima ukinzani wa ethi, anapima volteji, na mashine ikishawaka anaizungushia klampu mita waya na kulinganisha ampea na zile za kwenye kibandiko. Na kwa mashine za inveta, aliyezima swichi asiingize vidole kwenye bodi papo hapo. Kapasita zake hubaki na umeme kwa dakika kadhaa baada ya kukatwa.

Mitambo mikubwa ina kanuni zake, na hapa wajibu unapimwa kwa namna ya peke yake, kwa sababu hapa ndipo anapoingia mgeni rasmi.

Jengo limekamilika, au limekaribia. Hospitali ya wilaya, ukumbi wa halmashauri, benki. Tarehe ya uzinduzi imetangazwa, utepe umenunuliwa, na mtambo wa kupoza ulifungwa jana. Kompresa kubwa zina hita ndogo chini, ya kupasha mafuta ili gesi iliyozama ndani yake ichemke na kutoka. Watengenezaji huagiza umeme uwashwe saa 6, na wengine saa 12, kabla kompresa haijageuka hata mara moja. Ikigeuka mapema, inasukuma kimiminika mahali palipotengenezewa gesi, mafuta yanatoka yakifoka, na beringi zinasaga chuma juu ya chuma. Kuna na fezi tatu: nyaya mbili zikibadilishana nafasi, kompresa ya aina ya skroli huzunguka kinyume, hunguruma, haipozi, na hujipasha moto mpaka ikafa. Mambo haya yote yanajulikana. Yameandikwa kwenye kijitabu kilichomo ndani ya boksi. Lakini mhandisi kijana anaambiwa, "Washa, mheshimiwa yuko njiani," naye anawasha.

Tunamwambia mhandisi huyo kwamba asiwashe. Aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake amepewa mamlaka ya kukataa, na siku ya namna hiyo ndiyo mamlaka hayo yalitungwa kwa ajili yake. Mgeni rasmi anaweza kukata utepe kwenye ukumbi wenye feni. Wananchi wamekaa kwenye joto kwa sherehe nyingi na hakuna aliyelalamika. Tunawaambia pia wakurugenzi na maofisa itifaki waache kumweka mtaalamu kwenye njia panda ya kuchagua kati ya mtambo na ajira yake. Tarehe ya uzinduzi ipangwe baada ya ripoti ya majaribio kusomwa.

Tuingie ndani ya hiyo hospitali, kwa sababu ndiko ambako kiganja kilichoinuliwa kwenye upepo kinaweza kuua. Wodi ya kifua kikuu haihitaji ubaridi tu. Inahitaji hewa itoke korido iingie wodini, kisha itolewe nje ya jengo, wala isirudi korido kamwe. Kwa hiyo feni ya kutoa hewa lazima itoe zaidi ya ile inayoingizwa. Sasa, feni za gurudumu zinazotumika kwenye mifereji ya hewa zina tabia ambayo wengi hawaijui: zikizunguka kinyume bado husukuma hewa upande uleule, ila kwa nguvu ndogo mno. Aliyesimama chini ya tundu la hewa ataona karatasi inavutwa na kusema feni inafanya kazi. Kumbe inavuta sehemu ndogo ya inachotakiwa, wodi imejaa hewa inayoingia, na hewa ya pumzi za wagonjwa inasukumwa chini ya mlango hadi kwenye benchi la korido, walikokaa ndugu na vikapu vya chakula. Wodi ni ya baridi. Wauguzi wanafurahi. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyechukua kijiti cha moshi, akakishika kwenye upenyo wa mlango, akatazama moshi unakwenda wapi. Ni kipimo cha dakika mbili.

Chumba baridi cha chanjo kina hadithi ya aina hiyohiyo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kila mtu anaogopa joto, na ni haki, lakini chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B na ile ya pentavalenti huharibika zikiganda, na chanjo iliyoganda kisha ikayeyuka inaweza kuonekana nzima machoni mwa muuguzi anayeichovya sindano. Hapa ubaridi mwingi ndio hatari yenyewe. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linataka chumba kipya kipimwe joto lake kila pembe kabla ya kuwekwa chanjo: vipima joto vinatundikwa juu, katikati na chini, karibu na mlango, na mbele ya feni ya kupoza ambako ubaridi hutoka mkali kuliko kwingine. Vinaachwa vikirekodi kwa siku kadhaa. Mlango unafunguliwa na kufungwa kama siku ya kazi. Umeme unakatwa makusudi ili ijulikane chumba kitashikilia baridi kwa muda gani, na jenereta inaachwa iwake yenyewe ili ionekane kama itawaka. Mwishoni inachorwa ramani ya chumba, na rafu zisizofaa zinawekewa alama ili asije mtu akapanga chanjo pale. Kioo kidogo cha namba nje ya mlango kikisoma 5, hicho kinasema juu ya mahali kilipo kihisio chake tu. Mfamasia asikubali funguo za chumba kama ramani hiyo haipo.

Hoteli na majengo yenye minara ya kupozea maji nayo yasijione salama. Julai 1976 wanachama wa American Legion walikusanyika hotelini Philadelphia, Marekani. Wengi wakapata homa ya mapafu isiyojulikana na wasiopungua 29 wakafa. Mwaka uliofuata wanasayansi walimtambua bakteria mwenyewe, akaitwa Legionella. Huyu hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, yaani maji ya kawaida ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Maji yaliyoachwa yakilala ndani ya mabomba mapya tangu siku ya ujenzi mpaka siku ya ufunguzi yanampa muda wote anaoutaka. Feni ya mnara haiwashwi kabla mabomba hayajasafishwa, maji hayajatiwa dawa, na mtu hajaandika jina lake kwamba amefanya hivyo.

Kwa ndugu zetu wa nyanda za juu, Arusha, Njombe, Mbeya, Limuru na Nyeri, ambako shida ni baridi, kanuni ni hiyohiyo. Hita ya maji ya tangi haiwashwi kabla haijajaa na maji kutoka kwenye bomba la moto bila kukatakata. Ikiwashwa tupu, elementi inaungua. Valvu yake ya usalama haizibwi kwa sababu inadondosha maji. Hita za gesi zinataka bomba la moshi linalotoka nje ya nyumba. Kila familia kwetu imesikia habari ya waliolala na jiko la mkaa wakiwa wamefunga madirisha wasiamke. Sumu inayotoka kwenye hita ya gesi isiyo na bomba ni ileile, haina rangi wala harufu, na bafu dogo hujaa kabla mtu hajamaliza kujipaka sabuni. Hita za papo kwa papo za kwenye kichwa cha bafu zinavuta kilowati 5 na zaidi, na mwili wa anayeoga ndio njia fupi ya umeme huo kufika chini. Bila ethi na bila swichi inayokata uvujaji wa miliampea 30, isiwashwe.

Nani basi abebe lawama? Fundi kwanza, lakini si peke yake, na tusijidanganye kwamba tatizo ni elimu yake tu. Wengi wanajua kinachotakiwa. Tatizo kubwa limo kwenye bei. Maduka yanatangaza kwamba ukinunua kiyoyozi unafungiwa bure. Hakuna kazi ya bure. Maana yake ni kwamba duka linamlipa fundi kiasi kidogo kwa kila mashine, na fundi huyo ili ale lazima afunge nyingi kwa siku. Nusu saa ya pampu na nusu saa ya kusubiri kipimo, mara mashine tano, ni siku iliyokwisha. Anayeuza kwa masharti hayo amenunua kazi mbovu kwa makusudi na kuikabidhi kwa mteja asiyejua. Tunadai maduka yaandike kwenye risiti kama mashine itapimwa uvujaji na kuvutwa vakyumu, na nani ataifanya kazi hiyo.

Mteja naye ana sehemu yake. Anayesema "fanya haraka nina wageni" na anayekataa kulipia muda wa pampu kwa sababu haoni kinachofanyika, huyo ameagiza kosa analokuja kulilalamikia.

Lakini ukali wetu mkubwa tunauelekeza kwa wanaonunua kwa fedha za umma. Kamati za ukaguzi na mapokezi katika taasisi zetu zina bidii ya kuhesabu. Wanahesabu maboksi, wanalinganisha namba za mashine na hati ya mzabuni, wanakagua kama rimoti zimetimia, wanatia saini. Baada ya hapo mashine zinafungwa, zinawashwa, na hati ya makabidhiano inakuja na ukurasa mmoja unaosema mtambo unafanya kazi. Ukurasa huo haufai. Hati ya makabidhiano ya mtambo wa kupoza au kupasha joto iwe na namba: presha ya nitrojeni ilikuwa ngapi na ilikaa kwa muda gani, vakyumu ilifika maikroni ngapi, gesi iliyoongezwa ni gramu ngapi kwa mita ngapi za bomba, ampea ni ngapi, ukinzani wa ethi ni ngapi, joto la hewa inayoingia na inayotoka ni nyuzi ngapi, maji yaliyomwagwa kwenye trei yalitoka nje au yalibaki. Kila namba iwe na tarehe, saa, jina na namba ya leseni ya aliyepima. Isipokuwepo, malipo ya mwisho yazuiwe na kipindi cha matazamio kisianze kuhesabiwa. Wakaguzi wa hesabu waanze kuziomba karatasi hizo kama wanavyoomba risiti.

Vyuo vya ufundi, VETA wakiwa mstari wa mbele, vimekuwa vikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, na hilo ni jema. Tunaomba mtihani wao wa viyoyozi umfelishe yeyote anayefungua gesi kabla ya kuonyesha kipimo cha vakyumu, hata kama mashine yake itapoza kuliko za wote darasani.

Zimebaki mashine zilizokwisha kuwashwa. Ziko kwenye kuta zetu kwa maelfu, na vipimo vyake havipo popote. Hatusemi zing'olewe. Tunasema kila taasisi imwite fundi mwenye leseni na azipitie moja moja. Aanze na waya wa ethi, kisha ampea, kisha povu la sabuni kwenye nati, na afungue mfuniko wa boksi la waya aone kama kuna ulioyeyuka ganda. Nati zilizokazwa kwa nguvu ya mkono azilinganishe na kipimo: bomba la robo inchi linataka nyutoni mita 14 hadi 18, na anayezidisha hapo hupasua mdomo wa shaba bila kujua. Yenye hewa ndani gesi yake ikusanywe kwenye mtungi, mabomba yavutwe vakyumu, na ijazwe upya kwa mizani. Kwenye wodi ya kifua kikuu kijiti cha moshi kishikwe mlangoni wiki hii, na kwenye chumba cha chanjo vipima joto vitundikwe bila kusubiri bajeti ya Julai.